Orvieto kwa siku moja kutoka Roma, ukiwa na mama anayeumwa magoti

Swali: Mwezi wa Septemba tutakuwa Roma na kundi la hija la parokia yetu, kutoka Moshi. Jumatano ni katekesi ya Papa, Alhamisi tumeachwa huru. Mimi na mama tungependa kwenda Orvieto, ule mji wa kale juu ya mwamba, tuone kanisa kuu na kile kitambaa cha muujiza wa Bolsena. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Ngazi chache anaweza, nyingi hapana. Tuendeje kwa treni bila kupotea, tukifika tuanzie wapi, na je, tunaweza kuongeza kijiji cha Civita di Bagnoregio siku hiyohiyo?

Jibu: Nianze na swali la mwisho, maana ndilo linalopanga mengine yote. Civita iacheni. Kwenye ramani inaonekana jirani, lakini mabasi ya kutoka Orvieto kwenda Bagnoregio ni machache kwa siku na safari inakula karibu saa nzima. Basi likishawashusha bado hamjafika. Mna mji wa Bagnoregio wa kuuvuka, kisha daraja la watembea kwa miguu la mita kama 300, halina kivuli, na kipande chake cha mwisho kinapanda kwa ukali. Hakuna gari linalopita pale. Mtu mwenye magoti mazima hulifurahia daraja hilo. Mama yako atalisikia magotini hadi mrudi Moshi. Basi la kurudi likiwaponyoka, na treni ya Roma nayo imekwenda.

Orvieto yenyewe, kinyume chake, inamfaa mtu wa magoti kuliko miji mingi ya vilimani ya Italia, kwa sababu kupanda kote kunafanywa na mashine. Mji umekaa juu ya bamba la mwamba laini wa volkano, Waitaliano wanauita tufo, lenye kingo zilizosimama kama ukuta. Huko juu ni tambarare, ila tambarare iliyoinama. Upande wa mashariki, kwenye uwanja wa Piazza Cahen inakofikia funikulari (behewa linalovutwa kwa waya juu ya reli), ndiko chini. Kanisa kuu liko juu zaidi. Wageni wengi wakishashuka kwenye funikulari hufuata umati na kuikwea barabara ya Corso Cavour kwa miguu, karibu kilomita nzima juu ya mawe, na wakifika kanisani wamekwisha choka kabla hawajaona kitu. Ninyi pandeni basi dogo hadi mlangoni pa kanisa, muanzie juu, halafu muishushe siku taratibu. Mpango wote ni huo.

Sasa treni. Mnaondokea Roma Termini. Inayowafaa ni treni ya mkoa, imeandikwa Regionale au Regionale Veloce (kwa kifupi R au RV). Zile za mwendo kasi, Frecciarossa, nyingi hupita Orvieto bila kusimama. Treni ya mkoa inachukua kama saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Zipo pia Intercity chache, za haraka kidogo, bei juu zaidi, na tiketi yake ina namba ya kiti na treni maalumu. Ukiichelewa imekula kwako. Tiketi ya mkoa haina namba ya kiti, na bei yake ni ileile uinunue leo au dakika kumi kabla ya safari: karibu yuro 9 kwa mtu mmoja, njia moja. Kwa hiyo hakuna haja ya kuihangaikia mkiwa bado nyumbani. Nunueni Jumatano jioni mkitoka matembezini, kwenye mashine au dirishani. Mashine zina Kiingereza. Akitokea mtu asiye na sare anayejitolea kuwabonyezea vitufe, mshukuru na umwambie hapana. Anachotaka ni chenji yenu, au mkoba.

Kuna mambo manne yanayowakwamisha watu Termini.

La kwanza ni ubao. Mkitafuta neno Orvieto kwenye ubao wa safari hamtaliona mbele, kwa sababu ubao unaandika mwisho wa safari: mara nyingi Firenze S.M. Novella, pengine Arezzo au Chiusi. Orvieto ni kituo cha njiani tu. Shikeni namba ya treni iliyopo kwenye ratiba au simu, muitafute hiyo. Hakikisheni ubao unasema Partenze, yaani zinazoondoka, msije mkasoma Arrivi, zinazofika. Kwenye matangazo ya karatasi ukutani, ya njano ni ya kuondoka, nyeupe ni ya kufika. "Bin." ni namba ya njia ambayo treni imesimama, "Rit." ni dakika za kuchelewa. Namba ya njia mara nyingi hutoka dakika chache kabla, kwa hiyo msiwe na wasiwasi ikichelewa kuonekana.

La pili, na hili kwa mama yako ni kubwa: ukiona njia imeandikwa 1 Est au 2 Est, si kosa la uchapishaji. Ni njia mbili zilizo pembeni mbali, upande wa njia namba 1, na kuzifikia ni kutembea dakika kumi kwa mtu asiye na haraka. Treni za kwenda upande wa Umbria huondokea huko mara kwa mara. Fikeni Termini dakika 40 kabla, msubiri karibu na njia namba 1, na tangazo likitoka mtakuwa mmekwisha maliza nusu ya safari ya miguu.

La tatu ni kugonga tiketi. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima mwiingize kwenye kijimashine kilichofungwa ukutani au kwenye nguzo karibu na njia, kiiandike tarehe na saa, kabla ya kupanda. Ile ya kwenye simu nayo inataka uithibitishe kwa kubonyeza "check-in" siku ya safari. Tiketi iliyolipiwa bila kugongwa inahesabika kama hamna tiketi, na faini yake inazidi nauli mara kadhaa. Kondakta husikiliza maelezo kwa upole, kisha anaandika faini. Kijimashine kimekufa? Mfuateni kondakta mlangoni kabla treni haijaondoka. Msingoje awakute mmekaa.

La nne ni saa. Ratiba za Italia ni za saa 24, na sisi tumezoea kuhesabu tangu alfajiri. Toeni sita kwenye namba ya ubaoni. Jibu likizidi 12, toeni 12 tena. Treni ya 08:00 ni saa mbili asubuhi, ya 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni, ya 20:30 ni saa mbili na nusu usiku. Mama akisoma 14:00 asidhani ni ya usiku. Tena Septemba Italia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja: simu itajirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haitajirekebisha.

Jingine la kuangalia siku mbili kabla ni mgomo, kwa Kiitaliano sciopero. Migomo ya treni Italia si jambo la ajabu, na hutangazwa mapema. Siku za kazi kuna vipindi viwili ambavyo treni za mkoa zinalindwa hata mgomo ukiwepo: 06:00 hadi 09:00, na 18:00 hadi 21:00. Ikitokea Alhamisi yenu imeangukia mgomo, kwendeni na treni ya kipindi cha kwanza na kurudi na ya kipindi cha pili, au badilisheni siku.

Hata bila mgomo, ondokeni mapema: treni ya saa mbili kasorobo au saa mbili asubuhi inatosha. Mtafika kama saa tatu na nusu, kabla makundi ya mabasi ya watalii hayajajaa. Kumbukeni pasipoti, ndani ya Italia hamhitaji viza nyingine, lakini mgeni anatakiwa kuwa na kitambulisho mfukoni.

Mkitoka kituo cha Orvieto, geuzeni macho tu: ng'ambo ya uwanja, mbele yenu kabisa, ndipo ilipo funikulari. Ilianza mwaka 1888 ikiendeshwa kwa maji: behewa la juu lilijazwa maji kwenye tangi, uzito wake likishuka ukalivuta la chini juu. Ilisimama 1970, ikarudi 1990 ikiwa ya umeme. Njia ina urefu wa mita 580 na inapanda mita 157, ikipenya ndani ya handaki chini ya ngome ya zamani, na kabla hujamaliza kutafuta pa kushika mmefika. Tiketi ni yuro moja na senti kadhaa. Msiitupe mkifika juu! Tiketi hiyohiyo ndiyo ya basi dogo linalosubiri Piazza Cahen. Mabasi ni mawili: liendalo Piazza Duomo ndilo lenu, lile jingine huenda Piazza della Repubblica upande mwingine wa mji. Mwambieni dereva "Duomo?" naye ataitikia kwa kichwa.

Basi likishawaacha, msikimbilie ndani ya kanisa. Jengo hili lilianza 13 Novemba 1290, Papa Nikolao IV akaweka jiwe la msingi, na ubavuni mwote limepigwa mistari ya mawe meusi na meupe: basalti na travatini. Uso wa mbele ni kazi iliyoongozwa na Lorenzo Maitani kuanzia 1310. Watu hutazama juu, kwenye dhahabu ya mozaiki, wakapiga picha wakaondoka. Thamani kubwa iko chini, usawa wa macho: nguzo nne pana za marumaru zilizochongwa Biblia nzima kama kitabu kilichofunuliwa. Na bahati nzuri kwenu, uso wa kanisa unaelekea magharibi. Asubuhi uko kivulini na michongo inasomeka vizuri bila mng'aro. Dhahabu ya juu inawaka alasiri.

Soma kutoka kushoto. Nguzo ya kwanza ni Mwanzo: Adamu amelala ubavu, Mungu amemwinamia, mkono umeingia mbavuni mwake kama wa daktari wa upasuaji, pembeni Eva anatoka. Nguzo ya pili na ya tatu ni mti wa Yese, manabii, na maisha ya Kristo. Ya nne, kulia kabisa, ni Hukumu ya Mwisho, na hapo inamieni kidogo: chini kabisa wafu wanasukuma vifuniko vya makaburi ya mawe kwa migongo yao, wengine mguu mmoja nje, na waliohukumiwa wanaburutwa wakiwa wamefungwa pamoja. Mtu asiyejua kusoma mwaka 1330 aliielewa katekesi hiyo yote bila padri. Milango ya shaba iliyopo katikati ni mipya kwa kulinganisha, kazi ya Emilio Greco, imewekwa 1970.

Tiketi ya kuingia haiuzwi mlangoni. Ofisi iko uwanjani hapohapo, upande wa kulia ukilitazama kanisa. Wengi hupanga foleni mlangoni, wakarudishwa, wakapanga tena. Mwende wewe, mama akae kwenye mabenchi ya mawe yanayolitazama kanisa. Mavazi: mabega na magoti yafunikwe. Khanga moja mkobani inamaliza mjadala wote, na ndani ya kanisa lile la mawe hata Septemba mama ataitaka kwa ajili ya baridi. Alhamisi ni siku nzuri. Jumapili asubuhi kuna Misa na wageni huingizwa mchana.

Ndani, kikanisa cha kushoto mkielekea altare ndicho cha korporale, kile kitambaa kinachotandikwa altareni wakati wa Misa. Mapokeo ni haya: mwaka 1263 padri mmoja kutoka Bohemia, anayeitwa Petro wa Praha, akiwa na mashaka juu ya Ekaristi, aliadhimisha Misa Bolsena kwenye kaburi la Mtakatifu Kristina, na hostia ikadondosha damu juu ya korporale. Kitambaa kikaletwa Orvieto alikokuwa akikaa Papa Urbano IV. Tarehe 11 Agosti 1264, akiwa hapohapo Orvieto, Urbano akatoa hati ya Transiturus iliyoifanya sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo kuwa ya Kanisa lote. Maandamano mnayoyafanya parokiani kila mwaka yana mzizi katika mji huu. Neno moja la uangalifu, kwa kuwa waongoza watalii hulirukia haraka: hati yenyewe haiutaji muujiza wa Bolsena. Sherehe ilikwisha kuanza Liège, Ubelgiji, ambako Urbano aliwahi kuwa shemasi mkuu. Mapokeo ndiyo yanayoviunganisha viwili hivi, na kuta za kikanisa, zilizochorwa kati ya 1357 na 1364, zinausimulia muujiza huo hatua kwa hatua. Pana viti na kimya. Kaeni muda wowote mnaotaka.

Kikanisa cha kulia, San Brizio, kina michoro ambayo watu husafiri kutoka mbali kuiona. Fra Angelico alianza dari 1447 akaiacha. Luca Signorelli akamalizia kati ya 1499 na 1504 kwa Siku za Mwisho. Ukuta wa kushoto, ulio wa kwanza mkiingia, ni mahubiri ya Mpinga Kristo: sura yake ni ya Yesu kabisa, ndevu, nywele, na kanzu, amesimama kwenye kibao akihubiri, na nyuma ya bega lake shetani anamnong'oneza sikioni. Tazameni mikono: wa shetani umepenya ndani ya nguo ya mhubiri kana kwamba ni wake. Pembeni kushoto wamesimama wanaume wawili waliovaa nyeusi wakitazama tu. Mmoja ni Signorelli mwenyewe, na mwingine, kwa mapokeo, Fra Angelico. Ukuta mwingine ni ufufuko wa miili. Watu wanajivuta kutoka ardhini iliyo nyeupe kama unga, mmoja amekwama kiunoni, wengine bado ni mifupa mitupu inayocheka. Kanisa lote mpeni saa moja na nusu.

Mkitoka itakuwa kati ya saa tano na saa sita. Alhamisi mna zawadi: soko la Piazza del Popolo, ambalo hufanyika Alhamisi na Jumamosi asubuhi, mbele ya jumba la mawe la Palazzo del Capitano del Popolo. Kutoka kanisani ni mtaa wa Via del Duomo hadi kwenye mnara wa Torre del Moro, wenye mita 47, kisha mnavuka Corso; dakika kama kumi za mama, na hakuna ngazi. Mnara upandeni kwa macho. Lifti yake haifiki mwisho, sehemu iliyobaki ni ngazi. Sokoni nunueni zabibu na kipande cha jibini la kondoo, pecorino, kwa ajili ya treni. Kabla ya saa saba mchana huanza kufungasha.

Chakula cha mchana kina dirisha lake: jiko nyingi hufunguliwa saa sita na nusu na kuzima kama saa nane na nusu, hazifunguki tena mpaka saa moja jioni. Mkifika saa tisa mtakuta mikate baridi tu. Chakula cha hapa ni umbrichelli, tambi nene kama kamba ya viatu, za unga na maji bila yai, zinazosokotwa kwa mkono. Ziombeni na mchuzi wa nyanya na kitunguu saumu au na uyoga wa tartufo. Nyama za hapa ni nguruwe mwitu na njiwa. Nguruwe amejificha mahali pengi, na hili liwafae pia Waislamu na Wasabato watakaosoma jibu hili: maiale, prosciutto, guanciale, salsiccia, cinghiale na strutto vyote ni yeye kwa namna mbalimbali. Mtego wa Orvieto ni lumachelle, vijimkate vilivyozungushwa kama konokono, vinavyoonekana vya mboga na ndani vina vipande vya prosciutto. Kwenye bili mtaona "coperto", yuro mbili hivi kwa kila mtu: ni malipo ya meza na mkate, si wizi. Kahawa mkiinywa mmesimama kaunta ni nafuu kuliko mkiwa mezani, na anayenunua kahawa ana haki ya kuomba choo, "il bagno". Hilo la mwisho kwa mama ni muhimu kuliko bei.

Baada ya kula mnashuka. Corso Cavour kutoka mnarani hadi Piazza Cahen ni mteremko mpole, maduka ya vyungu vya rangi na vitambaa pande zote, vibao vya kukalia hapa na pale. Mawe yake yamesuguliwa na karne za viatu na yakilowa yanateleza kama sabuni. Viatu viwe vya raba, vyenye kisigino bapa. Mvua ikinyesha au goti likigoma, basi dogo lile lile linarudi.

Mkifika chini, hapo mtaachana kwa dakika arobaini. Kando ya kituo cha funikulari kuna bustani ndani ya ngome ya Albornoz: bure, ina miti, mabenchi, na ukingo unaotazama bonde la mto Paglia na reli mliyokuja nayo. Mama apumzike hapo. Wewe nenda kisima cha San Patrizio, hatua chache tu.

Kisima hiki ni hesabu zaidi kuliko urembo. Mei 1527 majeshi ya Kaizari Karoli V yaliupora mji wa Roma. Desemba Papa Klementi VII akakimbilia Orvieto, na hofu yake ya kwanza ilikuwa mji kuzingirwa ukakosa maji. Mwamba wa tufo haushiki maji, yanajikusanya chini kabisa unapokutana na udongo wa mfinyanzi. Antonio da Sangallo Mdogo akapewa kazi, nayo ilikamilika 1537. Shimo lina kina cha mita 53 na upana wa mita 13, na kuzunguka shimo kuna ngazi mbili zilizosokotana, moja ndani ya mzunguko wa nyingine, zisizokutana popote isipokuwa kwenye kidaraja kilichopo chini majini. Sababu ni baghala, wale nyumbu wa mizigo: hugeuzi mnyama mwenye mapipa kwenye ngazi nyembamba. Walishukia mlango mmoja, wakajazwa maji, wakavuka kidaraja, wakapandia mlango mwingine. Ndiyo maana vipandio ni vipana na vifupi, vya kwato. Mwanga unatoka shimoni wenyewe, kupitia madirisha yapatayo 70, na ukichungulia dirishani utaona watu wa ngazi nyingine wakipita ng'ambo bila kukutana nao kamwe. Ngazi ni 248 kushuka na 248 kupanda. Kushuka ni kutamu. Kupanda, pumzikia madirishani. Vaa sweta, kule chini ni baridi na unyevu. Muitaliano anayeombwa fedha kila siku husema mfuko wake si kisima cha San Patrizio, yaani fedha zake zina mwisho.

Mapango ya chini ya mji, ambayo ni mengi, karibu 1,200, yana matembezi ya kuongozwa yanayoanzia Piazza Duomo kwa saa maalumu, Kiitaliano na Kiingereza. Ni mazuri: vinu vya zeituni, matundu ya kufugia njiwa yaliyochongwa ukutani, visima vya Waetruski, watu wa kale wa Italia, waliouita mji huu Velzna kabla Warumi hawajauangusha mwaka 264 K.K. Lakini yana ngazi na njia nyembamba za kupita mmoja mmoja, na kwa siku yenu itabidi yakae nje. Kadi ya pamoja ya vivutio, Carta Unica, inazidi yuro 20 na inalipa kwa anayeingia kila mahali. Ninyi kanisa na kisima tu, lipieni kimoja kimoja. Ukiweka na treni, funikulari na chakula, siku nzima itawagharimu kati ya yuro 50 na 70 kila mmoja.

Kurudi. Asubuhi mkifika kituoni, kabla hamjavuka kwenda funikulari, pigeni picha ile karatasi ya njano. Alama ya nyundo mbili zilizopishana ni siku za kazi, yaani inawahusu Alhamisi. Alama ya msalaba ni Jumapili na sikukuu, hizo ziacheni. Treni za kurudi si za kila nusu saa, pengine ikipita moja mtangoja saa nzima au zaidi, kwa hiyo chagueni mbili tangu asubuhi: moja ya kupanda na moja ya akiba. Ya kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu ni nzuri. Anzeni kushuka na funikulari dakika 40 kabla, kwa sababu wikiendi na jioni foleni inajaa watu walio na wazo hilohilo, na kufikia njia ya pili ya treni lazima mpite chini ya reli kwa ngazi, jambo ambalo mama asilifanye kwa kukimbia. Funikulari huacha kazi karibu saa mbili na nusu usiku. Baada ya hapo ni basi. Gongeni tiketi ya kurudi nayo, imesahauliwa sana.

Treni itasimama Roma Tiburtina kabla ya Termini na nusu ya behewa itasimama kushuka. Msiwafuate, isipokuwa kama mnalala upande wa metro B. Wanaolala karibu na Vatikano wakae hadi Termini, wachukue metro A hadi Ottaviano.